Friji ya Mama Mkwe

Niliolewa Arua nikiwa na mikono isiyotulia. Kwetu Koboko mama alikuwa akinikemea kila siku: nikikaa nashona, nikiacha kushona nafagia, nikimaliza kufagia nafagia tena pale pale. Sikuweza kungoja sufuria ichemke. Nilifunua, nikachochea kuni, nikafunua tena, na chakula kikachelewa kwa ajili yangu mwenyewe. Watu waliiita bidii, wakanisifu mbele ya washenga. Haikuwa bidii. Kulikuwa na kitu kifuani kinanisukuma, na mpaka leo kipo, ingawa magoti hayakubaliani nacho tena.

Nyumba nilikoolewa ilikuwa katika mtaa wa Waislamu, karibu na soko. Mama mkwe alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudani zamani, na lugha yake ilikuwa Kinubi. Yangu Kikakwa. Juma la kwanza alinisemesha Kinubi, nami kwa kuogopa nikaitikia "ndiyo" kwa kila neno, hata pale alipouliza kama sufuria ya maharage iko motoni bila maji. Sufuria ikaungua. Tangu siku hiyo tukatumia Kiswahili, kile cha kambini na sokoni, ambacho kila mmoja wetu alikivunja kwa namna yake.

Tulikuwa wanawake watatu: mama mkwe, binti yake ambaye alikuwa rika langu na hajaolewa, na mimi. Mume wangu alikuwa fundi wa magari jeshini. Alikaa nami kidogo tu baada ya harusi, kisha likizo ikaisha, akarudi kambini upande wa Jinja. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na wake wengi wa kwetu walikuwa hivyo, wana waume kwenye picha ukutani. Nilimpenda. Naandika hili wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia, niliona haya, nikadhani nitapata muda.

Kabla hajaondoka alinifundisha friji.

Friji ile aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa nyeupe, urefu wake ukinifika kifuani, kutu imeanza kwenye pembe. Ilisimama kwenye pembe ya sebule, imefunikwa kitambaa alichokitarizi mama mkwe kwa nyuzi nyekundu na kijani, na juu ya kitambaa akaweka vile vifuniko vya ukili vya rangi ambavyo wanawake wa Kinubi huvisuka kwa kufunikia sinia za chakula. Ukiingia ungedhani ni kaburi la mtu mwema. Umeme haukufika nyumbani kwetu. Friji ilikula mafuta ya taa.

"Wewe ona," mume wangu alisema, akachuchumaa, akavuta tangi la mafuta kutoka chini ya friji. Lilikuwa bapa, na pembeni lina utambi wa duara. "Moto iko huku chini. Baridi iko huko juu. Katikati iko mabomba tu."

"Moto unaleta baridi?" niliuliza.

"Moto ndiyo inaleta."

Nilimwona mwongo. Akacheka, akanivuta nyuma ya friji, tukabanana pale kati ya ukuta na mabomba, akanionyesha kwa kidole. Ndani ya mabomba yale meusi, alisema, mna maji, na ndani ya maji mna dawa kali inayokata pua. Miaka mingi baadaye nilijua inaitwa amonia. Moto unapochemsha yale maji chini, dawa inatoka kwa mvuke na kuyaacha maji. Mvuke unapanda bomba mpaka juu kabisa, mgongoni mwa friji, huko unapigwa na hewa ya chumbani, unapoa, unageuka maji maji. Sasa hayo maji ya dawa yanateremka yenyewe, polepole, mpaka kwenye kile kisanduku cha barafu. Huko yanakauka tena, na katika kukauka yananyonya joto la kila kilichomo: maji, maziwa, nyama.

"Wewe namwaga spiriti kwa mkono, mkono nasikia baridi, si ndiyo?" alisema. "Hiyo hiyo. Spiriti nakauka, inaiba joto ya mkono."

Dawa ikishanyonya joto inakutana na yale maji iliyoyaacha, vinaungana, vinateremka chini kwenye moto, na safari inaanza upya. Hakuna mashine ndani. Hakuna kitu kinachozunguka wala kunguruma. Ndiyo maana ilikuwa kimya vile, unasikia tu mlio mdogo wa maji mara moja moja, na mwali wa buluu chini, mdogo, usiotikisika. Kila kitu kinapanda kwa moto na kushuka kwa uzito wake. Mimi niliyekuwa siwezi kukaa nilikitazama kitu kile kinachofanya kazi bila kujitingisha, nikakihusudu.

Akanionya juu ya moto. Usiwe mkubwa. Mwali wa buluu ni kazi, mwali wa manjano ni masizi, na masizi yakijaa kwenye dohani joto halifiki kwenye dawa. Akanifundisha kukata utambi sawasawa, kujaza mafuta bila kumwaga, kuchungulia mwali kwa kile kioo kidogo. Mengine hakunifundisha. Labda hakuyajua, labda lori lilikuwa linamngoja.

Mama mkwe aliipenda friji ile kupita kiasi. Si kwa sababu ya nyama, nyama tulinunua ya siku moja. Aliipenda kwa sababu ya vikombe. Jioni watoto wa majirani walikuja na vikombe vya bati, wakasimama mlangoni, naye akawagawia vipande vya barafu kwa mkono wake, huku akiuliza habari za mama zao mmoja mmoja. Mwezi wa Ramadhani uliopita, kabla mimi sijaolewa, mtaa mzima ulifuturu kwa maji yake na karkade yake ya baridi, kile kinywaji chekundu cha maua. Mjane asiye na duka wala shamba alikuwa mtu mkubwa kwa sababu ya barafu.

Mimi nikaja, friji ikafa.

Haikufa kwa siku moja. Miezi ya kwanza ilifanya kazi. Kisha barafu ikawa laini, ikawa ya kuvunjika kwa kidole, ikawa maji ya baridi, ikawa maji ya kawaida. Moto ulikuwa unawaka. Mwali ulikuwa wa buluu, mzuri, kama alivyonionyesha. Mafuta yalikwisha kama kawaida, na mafuta ya taa wakati ule yalikuwa ya kutafutwa kwa kujuana, mara yamepatikana mpakani, mara hayapo kabisa. Tulikaa na koroboi moja gizani ili friji ipate kula mafuta, na yenyewe ikawa kabati la joto.

"Hii kitu ilikuwa nafanya kazi muzuri," mama mkwe alisema siku moja, bila kunitazama. "Wewe nakuja, inakataa."

Nikadhani ni hasira za kupita. Lakini alirudia kwa majirani, nikiwa nasikia. Nina mikono ya moto, alisema. Nina mguu mbaya. Mwanamke anaingia nyumba ya watu na kitu kinachotoa baridi kinaacha kutoa baridi, sasa huyo si kisirani ni nini? Majirani wakacheka kwanza. Baadaye wakaacha kucheka, wakaanza kunitazama miguu.

Nilichukia. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejua hana kosa na hajui kosa liko wapi. Nikaanza kupigana na friji. Nilikata utambi, nikakata tena. Nikaongeza moto, mwali ukawa wa manjano, masizi yakajaa dohani, nikayakwangua kwa waya mpaka uso wangu ukawa mweusi na wifi akakimbia nje kucheka. Mama mkwe naye alikuwa na dawa zake. Alileta chetezo cha ubani, akaizungusha friji moshi pande zote, kisha akafungua mlango akaifukiza ndani, vile wanavyofukiza mitungi ya maji ili maji yanukie. Juma zima maji yetu yalinukia ubani, na yalikuwa vuguvugu.

Na kwa kuwa sikuweza kulitengeneza lile, nikatengeneza yaliyobaki. Niliamua kuwa mke wa mwana wa aina ambayo hakuna mtu Arua amewahi kuiona. Nilifua mpaka nguo zikachakaa. Na sakafu! Sakafu ya sebule ilikuwa ya udongo, na kuisiriba ilikuwa kazi ya mke mpya. Wenzangu walisiriba siku ya Alhamisi, ili Ijumaa nyumba iwe safi. Mimi nilisiriba Alhamisi, na mvua zilipoanza, miguu ya watu ilipoleta matope, nikasiriba na Jumatatu pia. Mwanamke mmoja wa Ayivu aliyekuja sokoni na muhogo alikuwa akiniletea mavi ya ng'ombe kwenye karai kuukuu. Niliyachanganya na udongo wa kichuguu na majivu, nikapaka kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, kutoka ukutani kuelekea mlangoni. Ilikauka nyororo, nyeusi, ungeweza kula wali juu yake.

Sikuacha pembe hata moja. Hata chini ya friji. Wifi alishika ukingo wa mbele akainua, nikasukuma tofali kila upande, nikapitisha mkono chini na kupaka pale miguu ya mbele inapokaa. Udongo ukikauka tukatoa matofali, tukaishusha. Miguu ya nyuma hatukuigusa, kulikuwa na ukuta na yale mabomba. Nyuma nani ataona?

Hata mama mkwe alikiri. "Kwa sakafu, huyu mutoto iko hodari," aliwaambia majirani. Kisha akaongeza, "Lakini friji."

Katika mwezi wa Shaaban alikuja askari mmoja, rafiki wa mume wangu, likizoni kutoka kambi ile ile. Nilimwona kutoka dirishani. Nikakimbilia chai. Nilipotoka nayo barazani, alikuwa anaongea na mama mkwe kwa sauti ya chini, kwa Kinubi, na wote wakanyamaza. Chai hakuinywa. Alisema ana haraka.

"Yeye hajambo?" nikauliza.

"Hajambo."

"Hana salamu kwangu?"

"Iko salamu," alisema, akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vipya, nikadhani anajivunia.

Jioni ile mama mkwe hakula. Kesho yake akaniita, akaniambia kwa utaratibu, kama mtu aliyepanga maneno usiku kucha, kwamba baada ya Idd nitarudi kwetu Koboko.

"Kutembea?" nikauliza.

"Kupumuzika."

Nilijua kupumzika huko. Binti wa jirani zetu Koboko alirudishwa kupumzika, akapumzika mpaka akazeeka. Nikamwuliza kosa langu. Akanyoosha mkono kuelekea sebuleni.

"Friji hapana taka wewe," alisema. "Watu nasema. Mimi nafanya nini?"

Kuanzia hapo alibadilika. Hakunikaripia tena. Mezani alinisogezea kipande kizuri cha nyama. Aliacha kuwaambia majirani habari ya mguu wangu. Ningependa karipio. Mtu akikukaripia mnaishi naye. Akianza kukukirimu, anakuhesabu mgeni. Nilizunguka nyumba ile kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikashika hiki nikaacha kile, na kila nilipopita sebuleni nilifungua mlango wa friji na kutia mkono ndani. Vuguvugu. Nikafunga. Nikarudi tena.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza watoto walikuja na vikombe vyao, wakasimama mlangoni kama mwaka uliopita, kwa sababu watoto hawafuati maneno ya wakubwa. Mama mkwe akawaambia barafu hakuna. Siku ya pili wakaja wachache. Kisha hawakuja. Alikuwa akiketi mlangoni wakati wa adhana ya magharibi, tende mkononi, akitazama barabara, na mimi nilikuwa ndani nikitamani kuipiga friji teke.

Nilijua hivi: nikiileta barafu kabla ya Idd, sina kosa. Nisipoileta, naenda Koboko na jina la kisirani, na mume wangu atakuta mahali pangu pamefagiwa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Si friji. Nani anafia friji?

Jibu likaja kwa chai. Tulikuwa tumeshafuturu, wifi ameketi mkekani karibu na friji, na mimi kwa papara zangu nikampa kikombe kabla hajanyoosha mkono vizuri. Kikamwagika. Nikaruka kuchukua kitambaa, maana najua chai ikimwagika sebuleni inakimbilia mlangoni. Waliojenga nyumba ile waliinamisha sakafu kidogo upande wa mlango ili maji ya kuosha yatoke. Nikaweka kitambaa upande wa mlango. Chai haikuja. Ilisimama kidogo, kisha ikageuka, ikaingia chini ya friji na kwenda ukutani.

Nikabaki nimepiga magoti na kitambaa changu.

"Pangusa basi," wifi alisema.

Sikupangusa. Nilitazama chai ile inavyokwenda. Kisha nikalala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, nikatazama miguu ya friji. Ya nyuma ilikuwa pale pale ilipowekwa. Ya mbele ilikuwa imepanda juu ya udongo wangu. Alhamisi baada ya Alhamisi, na Jumatatu juu yake, kiganja baada ya kiganja, nilikuwa nimeiinua friji mbele mpaka imelalia nyuma, ikatazama dari. Hatukuona kwa sababu ilikwenda polepole, na kwa sababu kitambaa na vile vifuniko vilificha juu.

Basi nikaelewa. Dawa inapanda kwa moto, sawa, moto upo. Lakini kushuka inashuka kwa uzito wake peke yake, kwenye mabomba yaliyopimwa kwa friji iliyosimama wima. Ukiyalaza, dawa itateremkia wapi? Inatuama njiani kama maji kwenye mfereji ulioziba. Moto unawaka, mafuta yanakwisha, na hakuna safari. Kila nilivyozidi kuwa mke mwema ndivyo nilivyozidi kuiua friji.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mbaya, wifi akaogopa. Kisha nikazima moto wa friji, nikaenda jikoni nikachukua jembe la mkono.

Mama mkwe alitoka kuswali akanikuta ninalima sebule yake. Sakafu ile aliyonisifia, nyeusi, nyororo, nilikuwa naipasua vipande na kuvitupa mlangoni. Alishika kichwa.

"Wewe narukwa akili?"

"Mama, ni sakafu!" nilipiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele. "Si mguu wangu! Si mkono wangu! Sakafu iko juu mbele, chini nyuma! Dawa hapana pita!"

"Dawa gani?"

"Dawa ya ndani! Ile anasema mtoto yako!"

Nilidhani atanifukuza pale pale. Badala yake alivuta kigoda, akaketi, akanitazama. Sikuelewa uso wake. Nilitegemea hasira au furaha, na hapakuwa na moja wala nyingine. Alionekana kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo zimeanikwa.

Tukachimba, mimi na wifi, mpaka miguu ya mbele ikashuka usawa wa ya nyuma. Nilitoa kitambaa na vifuniko, nikaweka juu ya friji sahani ya maji, nikachungulia maji yanaegemea upande gani, nikachimba tena, nikarudisha udongo kidogo, nikaukanyaga. Nikaiacha friji ipumzike bila moto mpaka kesho yake, maana nilifikiri dawa iliyotuama lazima ipate muda wa kurudi chini. Alasiri nikawasha.

Kungoja kule! Afadhali kuchota maji mtoni mara kumi. Nilifungua mlango, nikatia mkono, hakuna. Nikazunguka nyumba. Nikafungua tena. Wifi akanikumbusha kwamba kila nikifungua naingiza joto. Nikachukua kanga yangu, nikaifunga friji kiunoni, mafundo mawili, ili mikono yangu ipate aibu. Mama mkwe akapita, akaiona friji imevaa kanga, akasema hajawahi kuona mambo haya tangu azaliwe.

Asubuhi baada ya daku nilifungua mafundo. Kisanduku cha barafu kilikuwa cheupe. Nilikigusa, kidole kikanata. Nikaita, nikaita tena, wifi akaja akapiga vigelegele hapo hapo, na majirani wakatoka nje kuuliza nani amejifungua.

Jioni ile, mimi mwenyewe, nilikwenda nyumba hata nyumba na sinia ya vipande vya barafu. Niliwapa walionitazama miguu. Sikusema neno, nilitabasamu tu, na nakiri nilitembea polepole makusudi. Nilirudi nyumbani adhana ikilia. Nikampa mama mkwe maji ya baridi kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikangoja aseme kwamba sitakwenda Koboko.

Alikunywa. Akaweka kikombe. Akaanza kulia, mwanamke yule mkubwa, bila sauti.

"Friji inapona," nilisema. "Mimi nabaki, si ndiyo?"

Alimwambia wifi atoke. Kisha akaniambia.

Yule askari wa Shaaban alileta maneno. Mume wangu ameoa huko, na mwanamke huyo hakutaka mke mwenzake. Ameniacha. Ametamka talaka mbele ya wenzake, akamtuma rafiki yake amfikishie mama yake, na mama aniambie mimi. Mama hakuniambia. Alituma watu kwa mwanawe, wawili, mmoja baada ya mwingine, kumwomba arudishe maneno yake eda haijakwisha. Wote walirudi na jibu lile lile.

Eda. Nilikuwa ndani ya eda na sijui. Nilikuwa nasiriba sakafu ya mtu aliyekwisha kuniacha, nakata utambi wake, nakwangua masizi yake, nagombana na chuma kwa ajili yake.

"Mimi hapana taka wewe nenda," alisema. "Lakini ukienda, mimi nataka wewe nenda na sababu ndogo. Mutu iko nasema, friji hapana taka yeye. Basi. Friji hapana aibu. Ukisema, bwana anaacha yeye, hiyo ni aibu kubwa. Nani ataoa wewe?" Akapangusa uso kwa ncha ya nguo. "Sasa wewe natengeneza friji. Wewe natoa sababu yangu."

Nilihisi hasira mpaka masikio yakawaka. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Nilitaka kuvunja kitu na kila kitu kilikuwa chake. Akaniomba, akanishika mkono, nikifika Koboko niseme friji.

"Sitasema," nilimjibu. "Iko barafu kila nyumba. Mimi niseme nini? Na wewe, Mama, ukikutana na mama yangu sokoni, utasema nini?"

Siku zilizobaki za mfungo tuliishi tukipishana mlangoni. Aligawa barafu yake, watoto walirudi na vikombe, na yeye hakuwauliza habari za mama zao.

Baada ya Idd nilifunga sanduku langu. Nilipotoka barazani nilimkuta amevaa vizuri, gauni lake la harusi za watu, mtandio mpya, begi dogo begani. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Koboko," alisema.

Tulikaa juu ya magunia kwenye lori, yeye ambaye alikuwa hapendi vumbi, na kila lori lilipopiga shimo alinishika goti. Tulipofika kwetu, wazazi wangu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba ninarudi, kwa maana maneno hutangulia. Baba alikuwa ameketi na kaka zake wawili. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na nilimjua: alikuwa na maneno tayari, na hakuwa ameamua atayamwaga kwa nani.

Mama mkwe hakungoja mkeka. Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya baba yangu, mwanamke mkubwa kuliko yeye kwa umri, kwenye udongo mtupu.

"Kosa lake nini?" baba aliuliza.

"Hana kosa," alisema. "Huyu mutoto hana kosa hata moja. Mutoto yangu ndiye naacha yeye, kwa mambo yake mwenyewe. Na yule, mimi ndiye nazaa."

Mama yangu aliishusha mikono yake. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji ya mtungi, akapiga magoti karibu na yule mwanamke na kumshikia kata anywe. Nilikuwa sijalia tangu siku nilipoambiwa. Nililia hapo, nimesimama na sanduku mkononi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.